Sindano ya Chiriku

2 Februari

Dada yangu,

Simu ni ya kusalimiana, barua ni ya kusema. Ndivyo Baba alivyotulea, na leo nina ya kusema.

Kwenye kifurushi hiki utakuta sindano mbili za dharura za Chiriku, za aleji yake ya karanga. Tangu siku ile alipokula biskuti ya mwenzake shuleni, ukanipigia nikasikia sauti ya mwanangu inakwaruza kama bawaba kavu, sijalala usingizi wa kueleweka. Kazini nakunja mashuka ya wagonjwa, nakunja huku nawaza. Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia ananiambia, "Wewe mwili umeuleta, roho umeiacha kituo cha basi." Simbishii. Mtoto wa miaka saba hata ukimwachia dada yako wa tumbo moja, bado umemwacha.

Matumizi yake ni rahisi. Unatoa kifuniko, unakandamiza kwenye paja upande wa nje, hata juu ya nguo, unashikilia kidogo, kisha mnakimbia hospitali. Ya pili ni ya akiba, kama ya kwanza haikutosha.

Nakujua wewe, Dada. Hukati kitambaa mpaka umepima mara tatu. Safari hii usipime. Ukiona mtu anahema vibaya, choma kwanza, uliza baadaye. Kinachoua ni kuchelewa. Sindano yenyewe haimdhuru mtu.

Mbusu Chiriku. Mwambie Baba shikamoo.

Mdogo wako

*

19 Februari

Mdogo wangu,

Kifurushi kimefika, na Chiriku amekikagua kama ofisa wa forodha. Sasa kila mteja anayekuja kupimwa gauni anaondoka anazijua dalili zote za aleji, atake asitake. Jina la Chiriku tulimpa kwa utani, lakini limemkaa kuliko nguo yoyote niliyowahi kumshonea. Baba ameitazama sindano, akaigeuza geuza, akasema, "Kama ingekuwa inatibu na maneno mengi, huyu angechomwa kila asubuhi."

Nimezishonea kifuko kwa vipande vya sare za shule vilivyobaki, kimening'inia kwenye msumari karibu na cherehani. Na maneno yako nimeyaandika ukutani kwa chaki ya kukatia: CHOMA KWANZA. Wateja wanauliza ni nini, nawaambia ni jina la mshono mpya.

Sisi wazima. Baba ndiye siku hizi anapanda ngazi za nyuma kwa vituo. Nikimtania anasema anazihesabu kwa niaba ya serikali. Uzee huo. Sabini si mchezo.

Wewe kula. Kwenye picha uliyotuma shingo imekuwa ndefu.

Dada yako

*

23 Februari

Binti yangu, Mama Chiriku,

Dada yako anadhani namwandikia mteja wa saa ninazotengeneza. Basi soma kisha chana.

Nilikwenda hospitali kubwa peke yangu. Nikalazwa kitandani, wakanibandika nyaya kifuani kama redio iliyofunguliwa. Daktari ni kijana mwenye adabu. Akaniambia mshipa mmoja wa moyo umeziba sehemu kubwa. Amenipa vidonge, navificha kwenye kopo la skrubu. Ameniambia nisibebe vizito, nisikimbie, nisishtuke. Nikamwambia nina mjukuu mwenye maneno elfu kwa siku, kwa hiyo hilo la kushtuka limenishinda tayari.

Akanikaripia kwamba lazima mtu mmoja wa familia ajue. Nikamwahidi kwamba nitamwambia binti yangu wa mbali. Ahadi ni deni, nami nimelipa.

Usimwambie dada yako. Anashona mpaka macho yanakuwa mekundu, analea, anapika, na mimi mwenyewe ni mtoto wake wa pili. Akijua hili atanifungia ndani kama kuku anayeatamia. Nimekuambia wewe kwa sababu uko mbali, huwezi kunipokonya ndoo ya maji.

Baba yako

*

15 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha mashuka, nikajifuta machozi kwa shuka la hospitali. Msimamizi akadhani nimefiwa.

Umeniweka pabaya, Baba. Dada ndiye anayekuona kila siku, naye ndiye hajui. Lakini umeniomba, nami sijui kukukatalia. Nitanyamaza mpaka nije likizo mwezi wa nane. Siku hiyo tutakaa wote mezani, utamwambia mwenyewe au nitamwambia mimi.

Kwa sasa meza vidonge. Ndoo mwachie Dada. Stoo ya nyuma, ile unayotishia kuipanga kila mwaka, iache vilevile, haijamdai mtu.

Binti yako

*

20 Aprili

Mdogo wangu,

Kwenye simu ulisikia kilio tu, na mimi sijui nilisema nini. Leo watu wametawanyika, viti vya kuazima vimerudi kwa wenyewe, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia saa za Baba zote zikigonga, kila moja kwa wakati wake. Najua uliomba ruhusa wakakunyima. Hakuna anayekulaumu. Acha nikusimulie, kwa sababu wewe ni mtoto wake kama mimi.

Ilikuwa asubuhi. Baba alikuwa nyuma anapanga stoo. Alipovuta kabati kuukuu, nyigu wakatoka, mmoja akamchoma mkononi. Akaingia ndani anajinyonya kidole huku anacheka. "Nyigu wa siku hizi hawana heshima kwa wazee," akasema, akaketi pale karibu na meza ya kukatia. Mimi nikaendelea na pindo.

Nilipoinua macho, shati lake lilikuwa limelowa jasho. Alikuwa ameshika kifua, anahema kwa vipande vipande.

"Baba, wapi panauma?"

"Hapa. Pamebana."

Midomo yake haikuvimba. Ngozi haikuwa na kipele hata kimoja. Niliyaona hayo, lakini sikujua kwamba ni mambo ya kuangalia. Nilichojua ni nyigu, pumzi, na maneno ya ukutani. Nikachukua sindano ya Chiriku, nikamchoma pajani juu ya suruali. Akanitazama, akajaribu kutabasamu. "Umenishona, mwanangu," akasema.

Mdogo wangu, moyo wake ulianza kupiga mpaka niliuona juu ya shati. Mikono ikatetemeka, uso ukawa rangi ya jivu. Nikasema moyoni, haikutosha. Nikamchoma ya pili.

Jirani alipoleta gari, Baba hakuwa anasema tena. Alikaa hospitali mpaka kesho yake mchana. Mkono wake ulikuwa wa moto, halafu haukuwa.

Daktari aliniita pembeni. Kumbe ulikuwa moyo tangu mwanzo. Nyigu alipita njia tu. Akaniambia dawa ile huukimbiza moyo. Kwa mtu aliyebanwa na aleji, ndiyo inayomwokoa. Moyo wenye mshipa ulioziba ukiukimbiza, unaanguka. Nikamwuliza, kama nisingemchoma angepona? Akasema, "Hilo, mama, hakuna atakayeweza kukujibu."

Chiriku alikuwepo. Aliziona sindano zote mbili. Jana wakati namsuka aliniuliza, "Mama mkubwa, Babu amekufa kwa sindano yangu?" Nikamwambia hapana. Sijui kama nimemdanganya.

Na sindano zimekwisha. Sasa mtoto hana.

Dada yako

*

6 Mei

Dada,

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Nimejaribu kuandika vizuri nimeshindwa, kwa hiyo naandika hivyohivyo.

Baba hakuwahi kuwa na aleji maisha yake yote. Nyigu wamemchoma tangu sijazaliwa. Sindano zile zilikuwa na jina la mtoto juu ya boksi, jina la mtoto na kipimo cha mtoto, na wewe kusoma unajua. Hukumtazama? Hukumwita hata jirani kwanza? Na ya kwanza ilipomfanya vile, ukaongeza ya pili. Wewe, unayepima mara tatu kabla ya kukata kitambaa cha mtu.

Baba ameondoka mikononi mwako na mwanangu amebaki bila kinga, yote asubuhi moja. Sina la kukufariji. Labda litakuja baadaye.

Natuma sindano nyingine. Ni moja tu, ndiyo niliyoipata. Hii ni ya Chiriku, ya Chiriku peke yake. Nakuomba usiiguse mpaka uwe na hakika. Hakika, Dada.

Mama Chiriku

*

28 Mei

Mdogo wangu,

Imefika. Ipo mahali salama.

Ukuta nimeufuta. Kazi ya sare ni nyingi, shule zinakaribia kufungua. Chiriku hajambo, ameng'oka jino la mbele na sasa "s" zote zinatoka na upepo. Wasalimie wenzako wa kazini.

Dada yako

*

10 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo. Naandika mwenyewe, mwalimu amesahihisha mstari wa kwanza tu.

Nina pengo. Mama mkubwa hanisimulii hadithi siku hizi. Anashona redio ikiwa imezimwa. Nikimwuliza kitu anasema eeh, hata kama jibu ni hapana, kwa hiyo nimeomba paka na amesema eeh.

Sindano yangu ameifungia kabatini ndani ya koti la Babu. Ufunguo anauvaa shingoni. Nimemwuliza, nikiumwa je? Akasema hutaumwa. Kwa hiyo mimi siumwi. Sili kitu cha mtu, hata pipi. Shuleni nakaa peke yangu wakati wa kula ili nisiumwe.

Mama, ile sindano inajua nani mgonjwa na nani siyo? Mimi nadhani haijui.

Njoo.

Chiriku

*

3 Julai

Mdogo wangu,

Kabla hujasoma zaidi: Chiriku mzima. Amekaa hapa mbele yangu anamsomea paka gazeti.

Yalitokea kwa jirani. Mama wa watu alimkatia mkate akaupaka siagi, akamhakikishia hauna karanga, hakujua kwamba kisu kilikuwa kimetoka kwenye kopo la siagi ya karanga. Mwenyewe bado analia kila akiniona. Chiriku alikuja mbio anajikuna shingo. Alipofika mlangoni midomo ilikuwa imevimba, mikono imejaa vipele kama ramani, na sauti ilikuwa ileile, ya bawaba.

Uliniambia niwe na hakika. Nilikuwa na hakika, mdogo wangu. Hata mjinga asingekosa kuona. Na bado nilisimama.

Nilimwona Baba. Si kwamba nilimkumbuka, nilimwona, kwenye kiti chake, na shati lake linavyoruka kifuani. Mkono ulishika ufunguo shingoni ukakataa kuuvuta. Nikaanza kujiambia labda vitashuka, labda nimpe maji, labda nimwite mtu. Chiriku akaketi sakafuni penye vipande vya nguo, akapandisha gauni lake mwenyewe, akanionyesha paja.

"Mama mkubwa," akasema, na haikuwa sauti, ilikuwa pumzi. "Mimi ni mgonjwa kweli. Choma."

Nikakata uzi wa ufunguo kwa mkasi. Nikamchoma. Nikambeba mpaka barabarani, na njiani nikasikia pumzi inarudi, kidogokidogo, halafu akaanza kuongea. Sijawahi kufurahia kelele za mtoto huyu kama siku ile.

Muuguzi aliniuliza kwa nini nilichelewa. Nikamwambia nilikuwa nahakikisha, na kisha, sijui kwa nini, nikamwambia na habari za Baba. Hakunikaripia. Alivuta kiti. Akasema, "Kwa mtoto huyu, ukiwa na shaka, choma. Kuchoma bure kutamtetemesha na kumwendesha moyo mbio, mtampeleka hospitali, itapita. Kuchelewa hakupiti. Lakini si dawa ya kila anayehema. Mzee mwenye kifua kilichobana ni mambo mengine, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Usiyachanganye hayo mawili, mama."

Nilikuwa nimeshayachanganya. Na wewe pia, kwa barua zako mbili, kila moja ilivuta upande wake. Sisemi kwa ubaya.

Lakini mkono huu mtoto asiutegemee tena. Mara ya kwanza uliwahi pasipotakiwa, mara ya pili ukachelewa palipotakiwa. Njoo umchukue mwanao.

Dada yako

*

20 Julai

Dada yangu,

Barua yako na ya Chiriku, iliyochelewa njiani, zilinifikia pamoja. Nilifungua ya Chiriku kwanza. Niliposoma habari za ufunguo, nilikaa na bahasha yako mkononi, siwezi kuifungua. Mwenzangu wa zamu ndiye aliyeichana akanisomea mstari wa kwanza.

Maji yakimwagika hayazoleki, na yale niliyoandika mwezi wa tano ni mimi niliyeyamwaga. Neno la ukutani lilikuwa langu. Nilikuambia sindano haimdhuru mtu, na hilo sikuambiwa na daktari, nililitunga mwenyewe kwa hofu. Halafu ulipolifuata nikakugeuka. Nilikufungia ile sindano kabatini kwa kalamu yangu, nikiwa huku.

Nimepata chumba chenye dirisha, na shule iko karibu. Nakuja mwezi wa nane kumchukua. Njoo na wewe, Dada. Vyerehani viko hata huku.

Na kuna jambo la Baba. Limenikaa kooni tangu kabla ya msiba. Haliandikiki. Nikifika nitakuambia uso kwa uso, na ukinifukuza nitakuelewa.

Mdogo wako

*

4 Agosti

Mdogo wangu,

Usije na jambo hilo mpaka huku, ni mzigo mzito kwa safari ndefu. Ninalijua.

Siku ileile aliyoniita pembeni, daktari alinitazama akasema, "Lakini mzee alituahidi atamwambia binti yake kuhusu moyo. Hakukuambia?" Akafungua faili akasoma: binti wa mbali. Nikamjibu, "Aliniambia, daktari, nilisahau." Sikutaka mtu baki akuwazie vibaya.

Kwa hiyo barua yako ya mwezi wa tano niliisoma nikiwa najua. Sitakudanganya, nilikuchukia. Nilishona sare na mishono yote ikaenda kombo, nikafumua, nikashona tena. Kila nikishika kalamu niandike "ulijua na hukuniambia," namwona Baba anakuandikia kwa siri huku anacheka peke yake. Nani angemkatalia? Na ungeniambia, ningemfungia ndani kweli, angeishi miaka mingine akinilaani. Ningeipokea laana hiyo kwa mikono miwili. Lakini Baba hakuniachia mimi nichague, na wewe pia hakukuachia.

Utauliza mbona nilinyamaza. Niliona ukiwa na mtu wa kumlaumu angalau utalala. Nikasema, basi, mmoja wetu alale. Kumbe tulikuwa macho wote wawili.

Chiriku bado ananiuliza lile swali, mara kwenye chakula, mara njiani. Safari hii nimemwambia ukweli kama nilivyoupata: Babu alikuwa na ugonjwa ambao mimi sikuujua, nikampa dawa isiyokuwa yake, na labda ilimharakisha. Na dawa hiyohiyo ilipofika kwa mwenyewe, ikamrudishia pumzi. Akampakata paka. Kisha akasema, "Basi usilie, mimi nimeitumia vizuri."

Kuja huko sitaweza. Mtu lazima abaki na kaburi la Baba, na hizi saa za watu ambazo wenyewe bado wanakuja kuziulizia.

Mizigo ya Chiriku iko tayari. Paka atabaki na mimi, tumeshazungumza. Nimemshonea magauni, na yote nimeyaachia pindo kubwa. Kila akirefuka, fumua kidogo. Nimejitahidi yamchukue miaka, kabla hajamhitaji fundi mwingine.

Dada yako